Damu Aliyokatazwa Kuipima

Kule mjini walimwita Mama Chupa. Mtoto mwenye homa akiletwa maabara, hakuridhika na tone la kidoleni. Alitoa damu mkononi, akaitia kwenye chupa ya kuoteshea vijidudu, akangoja. Miaka kumi na mmoja alifanya hivyo katika mtaa ambao bomba la maji na mfereji wa vyoo vilipita bega kwa bega, na taifodi iliwaangusha watoto wa shule kwa zamu.

Ndipo akahamishiwa kituo cha afya cha kijijini. Daktari msimamizi, mtu mpole lakini akisema amesema, alimwambia azirudishe chupa zake. Huku homa ya mtoto ni malaria; taifodi waachiwe watu wa mjini. Mama Chupa hakuzirudisha; akazifungia kabatini.

Mwezi wake wa pili pale akaja bibi mmoja na mjukuu mgongoni, hajafikisha miaka miwili, mbavu zahesabika. Malaria ilishaonekana, dawa kamaliza, homa imerudi. Ilikuwa safari yao ya tatu.

"Mwanangu, kila nikija dawa ni ileile," bibi akasema. "Mnangoja nini?"

Mtoto akalazwa. Mama Chupa akapiga moyo konde, akatoa damu, akaandika jina lake mwenyewe daftarini wazi wazi. Mchana huohuo chupa ikapanda gari lililoleta chanjo kwenda maabara kubwa. Daktari alipoliona daftari alidai barua ya kujieleza. Akaipata: "Nilitoa damu. Akija mwingine wa hivi, nitatoa tena."

Siku ya tatu simu ikaita. Kijidudu kimeota, na si cha taifodi. Ni bakteria aina ya salmonela, ndugu wa kile cha taifodi, inayoingia damuni kwa watoto wadogo waliodhoofishwa na malaria na utapiamlo. Daktari akabadilisha dawa mwenyewe. Baada ya juma mtoto alikuwa akimpokonya bibi yake kijiko cha uji.

"Ni mmoja tu," daktari akasema.

"Ni mmoja tuliyempima, daktari."

Daktari akatia sahihi maombi ya chupa zaidi. Hadi mvua zinakatika walikuwa wamepata wengine sita wenye vijidudu damuni. Mwenye taifodi mmoja tu. Wawili walifariki, nao Mama Chupa aliwaandika.

Barua ya onyo, aliyoandikiwa na daktari kwa ile chupa ya kwanza, ilibaki kwenye faili lake. Muuguzi mmoja alimshauri aombe radhi ili ifutwe. Akakataa, akaendelea kubandika majina kwenye chupa.