Dereva Yuko Wapi?

Habari za kifo cha Kapteni zilinikuta nikiwa kwenye foleni ya benki, na nilisimama pale pale huku watu wakinipita, kwa sababu sikuamini nilichokuwa nasoma kwenye simu. Ujumbe ulitoka kwa mama mmoja anayeuza karanga na alizeti sokoni Majengo, mwenzangu wa meza moja. Aliandika: “Kaka, Kapteni amefariki. Sio utani.” Maneno hayo ya mwisho aliyaongeza kwa kuwa alijua nitadhani ni utani. Jana yake mchana nilikuwa nimekula mgahawani kwa Kapteni. Alinigombeza kwa kubakiza mlenda kwenye bakuli, akaniambia niondoke nikaandike magazeti yangu, wenye njaa wapate nafasi. Nilipofika mgahawani nilikuta milango imefungwa nusu na wabeba mizigo wamekaa nje kimya, watu ambao kwa kawaida hawajui kukaa kimya. Alianguka baada ya wateja wa mchana kuondoka, wakati anasugua sufuria. Presha, walisema hospitali. Juu ya meza ya jikoni sahani yake ilikuwa bado imefunikwa na sahani nyingine. Alikuwa na desturi ya kula mwisho, wote wakishashiba, na siku hiyo mwisho ulifika kabla hajala. Nimeandika habari za ajali na za moto, lakini ile sahani iliyofunikwa ilinishtua kuliko mengi niliyoyaona.

Hakuwa nahodha wa chombo chochote. Alizaliwa kwenye familia ya wakulima huko Mlali, wilayani Kongwa, na maji mengi kuliko yote aliyoyaona utotoni yalikuwa ya lambo la kunyweshea ng’ombe. Alisomea huduma za hoteli, akafanya kazi Dar es Salaam, kisha wakala mmoja akamtafutia ajira kwenye meli kubwa ya kitalii, zile zinazobeba watu wanaozunguka bahari kwa starehe. Alikaa huko miaka kadhaa, akarudi, akaoa, akafungua mgahawa nyuma ya maduka ya nafaka. Siku ya kwanza alipowaambia wabeba mizigo kwamba ametoka kwenye meli, mmoja wao alimpigia saluti akiwa na gunia la mahindi mgongoni: “Haya Kapteni, tupeleke!” Jina likabaki.

Mgahawa wake ulikuwa na utaratibu mmoja ambao sijauona kwingine Dodoma. Hukuchagua pa kukaa. Uliingia, anakutazama, halafu anakuonyesha meza kwa mwiko, na kuanzia siku hiyo meza hiyo ndiyo yako na waliopo ndio wenzako, uwapende usiwapende. Ugali uliletwa kwenye sinia moja katikati ya meza. Chakula kilikuwa cha aina moja kwa siku kwa kila mtu. Mimi nilipewa meza ya dirishani pamoja na huyo mama wa karanga na mbeba mizigo mmoja mrefu mwenye maneno mengi. Wiki ya kwanza nilikereka. Nilitaka kula nikisoma simu yangu, na yule mrefu akawa ananiuliza: “Mwandishi, leo umemchafua nani?” Mama anamjibu kabla yangu: “Mwache ale, akishiba atatuchafua sisi.” Wapo waliokuja mara moja wasirudi tena. Wapo waliomwita mtu wa ajabu mbele yake. Yeye alicheka tu, akaendelea kuonyesha watu meza kwa mwiko.

Utaratibu ule aliutoa melini. Kule, alitusimulia, kwenye ukumbi mkubwa wa chakula abiria hupangiwa meza yake na saa yake, na jioni zote za safari hula na watu wale wale, akihudumiwa na mhudumu yule yule. Kapteni alipopandishwa kutoka jikoni kuwa msaidizi wa mhudumu, kwenye meza yake alikuwapo bibi mmoja mzee aliyesafiri peke yake. Jioni ya kwanza hakusema neno. Jioni za katikati alianza kubishana na wenzake kuhusu supu, ambayo kwa kweli, kwa maneno ya Kapteni, ilikuwa maji ya moto yenye heshima. Jioni ya mwisho bibi yule alilia. Alisema nyumbani kwake hula peke yake mbele ya televisheni, na hii ndiyo meza pekee aliyokuwa nayo. Kapteni alituambia kwamba katika meli nzima, pamoja na taa zake na ngazi zake za vioo, hicho ndicho kitu pekee alichoona kinafaa kuletwa Majengo.

Mengine hakutaka hata kuyakumbuka, na alipoyakumbuka sisi ndio tulioacha kutafuna. Bufee ya melini hufunguliwa karibu siku nzima. Kuna milima ya nyama, samaki wazima wamelazwa juu ya barafu, matikiti maji yaliyochongwa kama ndege. Chakula kizuri machoni, alisema, lakini ukikionja kimepoa na ladha yake ni ile ile kuanzia kuku hadi samaki. Saa yake ikifika, kila kilichowekwa mezani lazima kitupwe, kilichoguswa na kisichoguswa. Siku yake ya kwanza jikoni alikabidhiwa trei ya mapaja ya kuku, mazima, hata moja halijapungua. Msimamizi akamwambia, tupa. “Nikamuuliza, nitupe wapi? Nilidhani anamaanisha niyapeleke mahali.” Akaonyeshwa mashine. Inasaga kila kitu kikawa uji, na meli ikishakuwa mbali na nchi kavu uji ule humwagwa baharini. Kabla ya kumwaga, Kapteni alichukua paja moja akala, amesimama, juu ya mdomo wa mashine. Aliitwa ofisini akapewa onyo. Walimweleza kwamba chakula kikipita saa yake kinaweza kuwa na sumu, na kwamba wanamlinda yeye. “Mimi,” alituambia, “kwetu mvua ikigoma tunakula majani ambayo mbuzi anayafikiria mara mbili. Halafu ananiambia kuku wa saa nne zilizopita ni sumu.” Mama wa karanga aliweka tonge chini. Aliuliza, “Kila siku?” Kapteni akajibu, “Mama, kila mlo.”

Kilichomuuma zaidi, hata hivyo, hakikuwa mashine. Abiria walikuwa na kumbi zao kulingana na tiketi, hilo alilielewa. Lakini hata wafanyakazi, wote walioajiriwa, wote wanaovaa sare, walikuwa na vyumba vitatu vya kulia: cha maofisa, cha wale wanaoonekana na abiria, na cha wale wa chini wanaoosha, kubeba na kusaga. Yeye alianzia cha chini, wali na mchuzi uliofanana jana na juzi. Alipopandishwa cheo alihamia chumba cha katikati, na watu aliokuwa akila nao hakuruhusiwa tena kukaa nao mezani. Walikuwa kwenye chombo kimoja na wangezama pamoja, alisema, lakini hawakuweza kula pamoja.

Ndiyo maana hakuna kilichomkasirisha kama mtu kuachwa nje wakati wa chakula. Siku moja aliingia bosi mmoja wa serikali, mtu mkubwa, ametoka Chamwino kikazi pamoja na maofisa wake wawili. Kapteni akatoka jikoni anafuta mikono.

“Karibu mheshimiwa. Dereva yuko wapi?”

“Yuko kwenye gari.”

“Anafanya nini kwenye gari?”

“Ameshakula.”

“Amekula saa ngapi, mheshimiwa, na ndiyo kwanza mnapaki?”

Maofisa wakaangalia sakafu. Yule mrefu wa meza yetu akaona aokoe hali: “Bosi, mwite tu. Huyu mzee hata malaika akija hapa ataulizwa amemwacha nani nje.” Mgahawa mzima ulicheka isipokuwa bosi. Aliondoka bila kula. Tulimwambia Kapteni kwamba sasa watamletea bwana afya wamfungie, akasema watakaomfungia pia watapangiwa meza. Lakini bosi alirudi siku chache baadaye, na nyuma yake alikuja dereva, kijana mpole mwenye shati jeupe. Wakakalishwa meza moja, uso kwa uso. Siku hiyo ilikuwa nyama ya mbuzi, na kijana akawa anachovya ugali kwenye mboga tu. Bosi akamuuliza kama anaumwa.

“Hapana mzee. Mimi sili nyama.”

“Tangu lini?”

“Tangu nizaliwe.”

“Na mishkaki yote niliyokuwa nakuletea kwenye gari safarini?”

“Nilikuwa nawapa walinzi, mzee.”

Bosi alicheka mpaka akakohoa. Baada ya hapo wakawa wateja.

Naeleza haya ili msomaji anielewe ninaposema kwamba nilichokiona kwenye mazishi kilinishtua mara ya pili. Kuna siku Kapteni alitoka kwenye harusi ya jamaa yake hapa mjini akiwa amenuna, kwa sababu kulikuwa na bufee mbili, moja ya meza kuu na moja ya watu. Alisimama katikati ya mgahawa, mkewe akiwepo, akasema: “Mnisikie wote. Siku yangu ikifika msinitengenezee meli. Sufuria moja, foleni moja.” Tulicheka. Mkewe hakucheka. Ndilo ombi pekee aliloacha.

Tulimzika kwao Mlali. Kamati ya mazishi ilikuwa ya ndugu zake wenye uwezo, watu wema waliotaka kumpa heshima, na kwa sababu hiyo wakafanya kile kile alichokikataa. Baada ya kutoka makaburini tulikuta hema jeupe lenye viti vilivyovalishwa vitambaa, utepe mlangoni, na watu wa keteringi kutoka mjini wamesimama nyuma ya trei za kuku, samaki na wali wa nazi. Mbali kidogo, juani, kulikuwa na masufuria ya ugali wa uwele, mlenda na maharage, na foleni ndefu ya majirani, wabeba mizigo na wauzaji wa Majengo waliofunga biashara zao kuja kumzika. Kijana wa mapokezi alinishika mkono: “Mwandishi, wewe pita huku.” Mama wa karanga akaniambia kutoka kwenye foleni, “Pita kaka, utakuja kutuambia kuku wa meli ana ladha gani.” Nilibaki nimesimama kwenye utepe, nusu ndani nusu nje, kama mtu aliyeona ajali. Nilijiuliza kama kuna mwingine yeyote anayeiona.

Mkewe aliiona. Alitoka ndani akiwa na kanga mbili, wanawake wamemshika mikono, wakidhani anakwenda kupumzika. Alikwenda moja kwa moja hemani. Bosi, yule yule, alikuwa kiti cha mbele, sahani yake ina paja la kuku. Alisimama haraka, akaweka mkono kifuani.

“Pole sana mama. Tumempoteza mtu.”

“Asante mheshimiwa,” akasema. “Dereva yuko wapi?”

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mumewe alivyouliza, kama mtu anayehesabu viti. Bosi aliangalia sahani yake, halafu akaangalia nje, kule juani, ambako shati jeupe lilikuwa karibu na mwisho wa foleni. Aliweka sahani kitini, akainama kupita chini ya utepe, akaenda kusimama nyuma ya dereva wake. Mchungaji akafuata. Kisha wengine, mmoja mmoja, mpaka hema likabaki na watu wa keteringi peke yao. Mwenyekiti wa kamati alimsogelea mjane, jasho likimtoka.

“Dada, sasa hiki chakula cha wageni tutakifanyaje?”

“Kileteni nje, shemeji, mkiweke pamoja na kile kingine. Leo hakitupwi kitu.”

Trei zikabebwa juani, zikapangwa sambamba na masufuria, na bibi mmoja wa kijijini akapata samaki juu ya ugali wa uwele, akala huku anatikisa kichwa. Mjane alikula mwisho, amesimama.

Nimekuwa nikifikiria jinsi tunavyokula katika mji huu unaokua kila nikigeuka. Tuna kumbi nzuri kuliko zamani, na bado hatuwezi kufanya sherehe, semina wala msiba bila kufunga utepe mahali fulani. Tunadhani tunawaheshimu wakubwa, kumbe tunawanyima wenzao wa mezani, na wao wanarudi nyumbani bila kujua kwamba kijana anayewaendesha hali nyama. Kapteni alikwenda hadi kwenye bahari za watu kujua kwamba ubora wa chakula unaanza na swali la nani amebaki nje, na aliporudi hakuhubiri. Aliuliza tu, kila mchana, mlangoni.

Wiki iliyofuata nilipanda bodaboda nikaenda Majengo bila matumaini. Mgahawa ulikuwa wazi. Mama wa karanga alikuwa dirishani, yule mrefu pembeni yake, na mjane akatoka jikoni na mwiko wa mumewe mkononi. Nilidhani ananionyesha meza yangu. Alikuwa ananyoosha mwiko juu ya bega langu, kuelekea barabarani.

“Shemeji,” akasema, “aliyekuleta yuko wapi?”

Nikageuka nikatoka kumwita.