Tulivyoweka msiba wa kura nyumbani kwa mtani wetu Mzaramo, hapa hapa Mwanza

Wakuu, marahaba. Naitikia kabisa kabla hamjaniamkia, maana humu ndani sidhani kama yupo wa kumpa shikamoo.

Mimi ni Bibi Mwajuma. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo nukta zikikaa vibaya mnivumilie. Ila majina sijapoteza hata moja, na haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu. Mengine niliyafanya kwa mikono yangu, na sijutii.

Juzi nimesoma uzi mmoja humu mnabishana habari ya kubadilisha utaratibu wa uchaguzi. Mmoja wenu kaandika, "Dawa ni kususa tu." Nikacheka peke yangu mpaka mjukuu wangu Rehema akatoka jikoni kuniangalia.

Mwanangu, kususa tulikujua kabla baba yako hajazaliwa.

Ngoja niwape habari ya kura tatu.

Wakati wa Mwingereza, uhuru bado tunausikia kwa mbali, ilikuja sheria ya kuchagua wajumbe wa baraza. Kila mpiga kura alitakiwa achague watu watatu kwa mpigo: Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja, Mzungu mmoja. Ukiacha hata mmoja, karatasi yako haihesabiwi.

Na si kila mtu aliruhusiwa. Mpaka uwe na elimu yao au mshahara wao. Mtaani kwetu tulijaa kama dagaa kwenye kapu, lakini wenye sifa unawahesabu kwa vidole na vidole vinabaki.

Watu walichukia, na wengi wakasema hatujiandikishi. Chama chetu kikasema hapana, tuingie humo humo tukaifute tukiwa ndani. Tukibaki nje, viti vyote vitakaliwa na wanaoipenda hiyo sheria, halafu nani ataiondoa?

Mimi sikuwa na sifa. Msichana wa miaka kumi na tisa, nauza mchele wa Magu na shangazi yangu Kabula, nitaandikwa wapi? Kazi yetu wanawake ikawa kuwasukuma wenye sifa waende.

Wote walikwenda isipokuwa watano. Na mmoja wao ndiye aliyekuwa amewashika wale wanne.

Mzee Mwinshehe, Mzaramo, karani wa mizani kwenye kinu cha pamba. Miwani, kanzu imenyooka, kikohozi cha kiofisi. Makarani wenzake wanne, Petro, Saidi, Lukas na Hamisi, walisema wazi: Mwinshehe akienda tunakwenda, asipokwenda hatwendi.

Yeye msimamo wake ulikuwa huu: "Mimi nimchague Mzungu? Kwa lipi alilonipa? Siandikishi jina!"

Walimwendea wazee wa chama, wakampa hotuba. Akawapa chai, akawarudisha. Akaenda shehe, naye akapewa chai. Zikabaki siku chache daftari la wapiga kura lifungwe.

Ndipo shangazi Kabula akasema, "Huyu si Mzaramo? Sisi si Wasukuma? Mbona tunahangaika na hotuba wakati ni mtani wetu?"

Kwa vijana msiojua: msiba ukimpata Mzaramo, sisi watani tunakuja kuharibu kilio. Tunavaa nguo za marehemu, tunaigiza mwendo wake, tunalala njiani maiti isipite mpaka tupewe chetu. Na haruhusiwi kukasirika. Akikasirika kajiaibisha yeye.

Tukaamua kumfanyia msiba. Si wake, wa kura yake.

Tena kulikuwa na faida nyingine. Mkutano wa siasa siku hizo mpaka kibali, na kibali kukipata ni kazi. Msiba nani anauombea kibali?

Jumapili asubuhi tukafika: mimi, shangazi Kabula, Milembe, Nyanzobe, Zainabu wa fundi cherehani, na wengine nyuma. Mkewe Mwinshehe, Mama Zuhura, tulishamnong'oneza. Akatutandikia mikeka mwenyewe, anauma kanga asicheke.

Nilikuwa nimechukua gunzi la hindi, nikalivika sanda ya kitambaa cha marekani na pamba puani, ingawa gunzi halina pua. Tukaliweka katikati.

Tukaanza kulia. Wakuu, tulilia!

"Yeleuwiii! Kura ya mtani imekufa! Haikuugua! Imeuawa na mwenyewe!"

Mzee Mwinshehe akatoka na mswaki mdomoni.

"Nani kafa hapa kwangu?"

Shangazi Kabula akamwambia, "Pole sana mtani. Ndiyo kazi ya Mungu. Ilikuwa bado mbichi, haijapigwa hata mara moja."

Akaelewa. Akatukana kiutani mpaka raha. "Ondokeni hapa, wala michembe nyie, wala viazi vikavu! Mmekuja kunijazia viroboto!"

Milembe akajibu, "Kwanza tuzike, mla nazi wewe. Unataka maiti ioze?"

Mimi nikaingia ndani, nikavaa kanzu yake na miwani yake, nikatoka nakohoa kile kikohozi: "Mimi? Nimchague Mzungu? Mhu! Mhu!" Mama Zuhura alishindwa, akaanguka juu ya Zainabu.

Sasa hapa ndipo tulipokosea hesabu. Vilio vile vilikuwa vizuri mno.

Majirani wakaanza kuja kweli. Mmoja kaleta kuni, mwingine sufuria la uji. Na askari naye akaja. "Mkutano huu una kibali?" Shangazi akamwonyesha sanda kwa kidole. Askari wa watu akavua kofia, akasimama pembeni ameinamisha kichwa.

Halafu likafika lori la kinu, limejaa. Habari ilikuwa imefika huko kwamba aliyekufa ni Mwinshehe mwenyewe! Petro akaruka analia machozi ya kweli, akamkuta marehemu yuko barazani na mswaki.

"Mzee... si umekufa?"

"Mimi mzima! Imekufa kura!"

Halafu Petro akakaa chini, akashika tumbo, akacheka mpaka kofia ikadondoka. Lori zima likafuata. Hata askari, nilimwona mabega yanatikisika.

Mzee Mwinshehe akatazama ule umati wote uliokuja kumzika. Akavuta pumzi.

"Haya watani. Mnataka nini ili muondoke?"

Nikamwambia, "Ifufue kesho asubuhi."

Jumatatu tulimsindikiza kwa vigelegele mpaka ofisi ya kujiandikisha. Akaingia, na nyuma yake Petro, Saidi, Lukas na Hamisi. Sisi tukasubiri nje kwenye jua.

Alipotoka akanifuata mimi moja kwa moja. "Haya, mla michembe, jina langu limeandikwa. Na wewe lako liko wapi?"

Nilikuwa na matusi kumi ya kumjibu. Lakini swali lilinikuta pabaya.

Nikasema, "Langu hawaliandiki, mtani. Langu ni hilo lako."

Mzaramo yule akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Basi kura nitazijaza zote tatu," akasema. "Hata ya Mzungu."

Kura tatu ilifutwa kabla hata ya uhuru. Na uhuru ulipokuja, jina langu nikaenda kuliandikisha mwenyewe.

Nilichojifunza: mtu mwenye msimamo wake usimlundikie hotuba, atakupa chai tu. Mfanye acheke mbele ya watu wake. Na wewe wa kususa, jiandikishe kwanza, ununie ndani.

Nani humu babu yake aligomea kura tatu? Leteni na nyie. Wazaramo mtakaokuja kunitukana, karibuni sana, macho bado yanaona na matusi bado ninayo.