Jiwe la Mizani kwenye Shali ya Mwende

Uji wa wimbi na moshi wa malori, harufu hizo mbili zikichanganyika: hiyo ndiyo asubuhi ya Mtito Andei ninayoijua mimi. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Tulikaa chumba kimoja cha kupanga nyuma ya kituo cha mafuta, mama yangu, mimi, na mdogo wangu Mwende aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni. Baba alienda na lori la Mombasa asirudi, na sitapoteza wino juu yake. Mama aliuza ndengu na kunde sokoni. Mwaka huo mvua ilitudanganya. Mawingu yalikuja kutoka upande wa Tsavo, yakasimama juu ya mji kama wageni waliokataa kuketi, kisha yakaenda zao. Siku zile nikizikumbuka naziona kupitia joto linalopanda juu ya lami: watu wanatembea, na miguu yao haigusi chini.

Kila mwezi kanisa na zahanati waliwaita akina mama wa vyumba vya kupanga waje ukumbini watoto wapimwe. Kijijini jirani huichungulia sufuria yako, lakini mjini kila mtu na mlango wake. Mizani ilining'inia kwenye boriti, na mtoto akibembea pale juu kama tunda, nesi alisoma kilo na kuandika kwenye kadi. Aliyepungua alipewa unga wa lishe na mafuta, na mama wa afya, mhudumu wa zahanati, alimfuata nyumbani kila wiki. Jambo jema kabisa. Wanawake wa soko waliliogopa kuliko nyoka. Mama alisema, nani atanunua ndengu kwa mtu ambaye mtoto wake mwenyewe ana njaa? Basi akafanya alichokijua kwa kazi yake. Alichukua jiwe la mizani, lile la chuma la nusu kilo, akalifunga ndani ya shali ya Mwende juu ya sweta mbili, akamwambia nesi mtoto ana homa, asivuliwe. Mwezi wa pili lilikuwa jiwe la kilo nzima.

Mimi ndiye niliyembeba, kwa hivyo mgongo wangu ulijua. Kwenda alikuwa mzito, kurudi alikuwa kama nguo iliyoanikwa. Nesi alimsifu mama mbele ya watu. Kalunde, muuza ndizi, akauliza kama huyo mtoto hula akiwa amejificha, na wanawake wakacheka kwa kuinama, maana si mama peke yake aliyeleta chuma siku ile. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo sikuwa naijua bado. Nilichojua ni kwamba Mwende aliacha kulia. Alinitazama tu kwa macho makubwa, kama mtu anayesikiliza wimbo unaoimbwa mbali, na mimi niliona anaufuata.

Mwezi wa tatu, zamu yetu ilipofika, nilimwambia nesi amvue.

"Ana homa," mama akasema.

"Hana homa," nikasema. "Ana jiwe."

Nesi alifungua shali polepole. Chuma kikaanguka kwenye saruji, kikabingirika hadi kwenye viatu vya mchungaji. Hakuna aliyecheka. Mama aliliokota jiwe lake, akalipangusa kwa leso, akalitia kwenye kiondo na kutoka bila mimi. Kalunde alimfuata kwa macho hadi mlangoni. Halafu akaingiza mkono kwenye shali ya mtoto wake, akatoa la kwake.

Siku nyingi mama alinipakulia chakula bila kunipa neno. Mama wa afya alipokuja na unga alikuta mlango umefungwa, akauacha kizingitini. Wiki ya pili vivyo hivyo. Ya tatu mama alifungua. Wateja wawili walituhama, ndio, na nawakumbuka kwa majina. Kisha mchana mmoja sokoni, akiwa mgongoni kwa mama, Mwende alipiga kelele ya kutaka kula, kelele ya kuudhi, mpaka madereva wakageuka. Mama aliacha kupepeta ndengu, akanitazama mara ya kwanza tangu siku ile.

"Mchukue huyu," akasema. "Amenivunja mgongo."

Mimi nilifika darasa la tatu tu, lakini hapo hapo Mtito nina vyumba kumi na viwili vya kupangisha, na kila tofali nalijua. Siku hizi wahudumu wa afya wa jamii wanapita na simu, mkanda wa kupima mkono wa mtoto na mashine ya presha, bure, mpaka mlangoni. Wapangaji wangu wananiita Susu, kama bibi yao, na wananijibu nyuma ya pazia: "Susu, sisi tuko sawa." Sisi tulificha mbavu. Hawa wanaficha presha, sukari, na mtoto anayelishwa chipsi na soda kwa sababu mama yake anarudi amechoka. Vitu vimeongezeka, aibu ni ile ile. Mimi sibishani na pazia. Naliinua, naingia na mhudumu, naketi mpaka mtu apimwe. Wanasema mimi ni mdaku. Mwende ana wajukuu saba. Nendeni mkamuulize kama udaku ni dhambi.