Mwandishi na Mjomba Wake

Veronicah Nanjala alikuwa fundi wa sare za shule katika chumba kidogo nyuma ya maduka ya Adams Arcade, na kila asubuhi, wakati pasi inapata moto, alisoma Dirisha kwenye simu. Dirisha ni gazeti la mtandaoni tu, halichapishwi. Alilipenda kwa sababu halikuwa la mwanasiasa yeyote. Lilijiendesha kwa michango ya wasomaji, naye alikuwa mmoja wao. Wateja wakianza kubishana siasa huku wanasubiri kupimwa, alikuwa anawaambia, "Ngojeni kwanza nione Dirisha limesemaje," na akishasoma, ubishi unaisha.

Nyumba yake ilikuwa Kinoo, pembezoni mwa jiji. Jirani yake wa mlango kwa mlango, Wahu, alizaliwa hapo hapo, na aliuza mitumba ya watoto kwenye soko la kando ya barabara. Nanjala alipohamia kutoka Bungoma, Wahu ndiye aliyempeleka kanisani mara ya kwanza na kuwaambia watu, "Huyu ni wetu." Wameitana Mama Clifford na Mama Shiko tangu watoto wao wako nasari.

Likizo ya Agosti, Dirisha liliandika kwamba soko hilo litaondolewa kabla shule hazijafunguliwa. Kaunti, lilisema, imeshapitisha uamuzi huo kimyakimya. Aliyeandika ni msichana anayeitwa Jackie, ambaye Nanjala alikuwa amesoma kazi zake nyingi. Jumapili baada ya ibada, Nanjala alienda sokoni na simu yake akawasomea wauzaji habari yote, neno kwa neno. Watu walishtuka. Wengine walianza siku hiyo hiyo kupeleka mali nyumbani. Wahu alifunga marobota yake shingo upande, akayapeleka nyumbani.

Siku chache baadaye mheshimiwa wao, mwakilishi wa wadi, akaja, akasimama nyuma ya pikapu na kipaza sauti.

"Hakuna mtu atatoa nyinyi hapa mimi nikiwa hai!" alisema. "Hiyo kitu mmesoma ni uongo. Na mkitaka kujua ukweli, muulizeni huyo mwandishi ametumwa na nani."

Nanjala alicheka moyoni. Wanasiasa wote husema hivyo. Lakini jioni Wahu alikuja kwake na simu mkononi, bila hata kubisha hodi.

"Mama Clifford, hebu angalia. Si huyu ni yule Jackie wako?"

Ilikuwa picha ya ruracio fulani, sherehe ya kupeleka mahari. Jackie, akiwa na kilemba cha kitenge, amesimama bega kwa bega na mtu ambaye Kinoo nzima ilijua atagombea kiti cha mheshimiwa uchaguzi ujao. Chini yake Jackie ameandika mwenyewe: *Na mjomba wangu nimpendaye.*

Nanjala aliitazama ile picha mpaka taa ya simu ikazima.

"Inaweza kuwa picha ya zamani," alisema.

"Mjomba anakuwanga wa zamani?" Wahu akamuuliza.

Kesho yake Nanjala hakufungua duka. Alishuka mjini, akaulizauliza mpaka akaipata ofisi ya Dirisha, vyumba viwili juu ya duka la miwani karibu na Moi Avenue. Alipokelewa na mhariri, kijana mpole anayeitwa Kiema, aliyemkaribisha kiti na chai kama mgeni wa nyumbani. Nanjala hakuigusa chai. Alimwonyesha picha.

"Ndiyo, mama," Kiema alisema. "Ni mjomba wake. Tulijua."

Nanjala alikuwa amejiandaa kusikia akikana. Hakuwa amejiandaa kwa hilo.

"Mlijua?"

"Ndiyo maana stori yake ilipitiwa na mtu mwingine tena. Alipiga simu zote upya. Kila neno liko sawa."

"Sasa mbona hamkutuambia?"

Kiema alizungusha kikombe chake. "Tuliogopa watu watasoma jina la mjomba waache kusoma stori."

"Na sisi hatungeweza kuamua wenyewe?"

Kiema alimgeuzia kompyuta yake aone barua za wasomaji. Wengine waliwaita vibaraka wa serikali. Wengine, kwa habari ile ile, waliwaita vibaraka wa upinzani. "Ukiona pande zote zinalalamika," alisema, "unajipa moyo kwamba uko katikati."

"Ama umekosea pande zote," Nanjala akasema, na papo hapo akajisikia vibaya, maana kijana wa watu alikuwa amemwambia ukweli alipoulizwa.

Njiani kurudi alijaribu kuyapanga. Habari ilikuwa kweli, Kiema alisema. Lakini huyo huyo Kiema ndiye aliyeficha. Kama alificha hilo, je, atamwamini vipi anaposema kila neno liko sawa? Alifika Kinoo bila kuamua lolote, na wauzaji walikuwa wanamngoja. Yeye ndiye aliyewasomea, kwa hiyo walitaka kusikia kutoka kwake. Aliwaambia kama alivyoambiwa, bila kupunguza: yule mgombea ni mjomba wake Jackie, wenye gazeti walijua, walinyamaza, lakini wanasema habari ni ya kweli.

Watu waliondoka na nusu ya kwanza tu. "Basi ni siasa," alisema mzee Ndambuki, muuza viatu. Siku iliyofuata Wahu alirudisha marobota yake sokoni, na wengine wakamfuata.

Shule zikiwa karibu kufunguliwa, tingatinga lilikuja asubuhi, watu wakinywa chai. Wahu aliokoa robota moja. Mengine yalifukiwa pamoja na mabati na mbao. Nanjala alikimbia na kanga yake ya jikoni, wakavuta pamoja magauni madogo kutoka kwenye matope, mengine yakichanika mikononi mwao.

Mheshimiwa alifika baada ya vumbi kutulia, akiwa na karatasi. Wanaobomoa, alisema, ni wakandarasi wa barabara. Kaunti haikuhusika hata kidogo, kwa hiyo gazeti lilidanganya, kama alivyosema. Wengine walimzomea. Wengine waliitikia kwa kichwa. Nanjala alisimama katikati akijiuliza: waliambiwa soko litaondoka, na limeondoka. Waliambiwa ni kaunti, na pengine si kaunti. Hiyo ni kweli au ni uongo? Na kama asingeenda mjini kuuliza, je, marobota ya Wahu yasingekuwa nyumbani sasa hivi, makavu?

Mchana Jackie mwenyewe akaja. Alikuwa mdogo kuliko kwenye picha, viatu vimejaa udongo.

"Auntie, ulikuwepo? Unaweza kuniambia uliona nini?"

Nanjala alimtazama. Alitaka kumuuliza kuhusu mjomba. Alitaka pia kumwomba msamaha, ingawa hakujua kwa kosa gani. Mwishowe alisema alichoona, hicho tu: saa ya chai, tingatinga lisilo na jina ubavuni, vijana waliovaa jaketi za kijani, hakuna aliyejitambulisha, hakuna aliyewapa muda wa kutoa vitu. Nani aliwatuma, hajui.

Asubuhi yake maneno hayo yalikuwa kwenye Dirisha, kama alivyoyasema, hakuna lililoongezwa. Safari hii, chini kabisa, waliandika kwamba mwandishi ana undugu na mmoja wa wanaotaka kugombea wadi hiyo. Wahu alikuwa uani anaanika magauni yaliyofuliwa. Nanjala alimpa simu asome.

Wahu alisoma polepole mpaka mwisho, akamrudishia.

"Umeona vile wamekuweka upande wao?"

"Lakini Mama Shiko, hayo ndiyo niliyosema. Na wewe ulikuwa hapo, uliona."

"Niliona," Wahu akakubali. Akachukua gauni lingine kwenye beseni, akalikung'uta. "Lakini ukisomwa hapo, si unaonekana wa kwao?"

Nanjala aliketi kwenye ngazi akayasoma maneno yake tena, moja moja, akitafuta ni lipi lililokuwa na upande.