Wanataka Mwanangu Anywe kwa Niaba ya Babu Yake

Admin, nifiche jina, maana mawifi zangu wako humu humu. Mimi ni mama wa miaka 38, nasuka nywele Kenyatta Market, tunaishi Jamhuri. Mume wangu ni mtu mzuri, hajawahi kuonja pombe maishani. Pombe ilimuua baba yake, ikamuua na kaka yake mkubwa. Tukiwa wachumba aliniambia, "Mimi naogopa hata kuanza. Kwetu hatujui kuacha."

Kifungua mimba wetu tulimpa jina la huyo babu, ndiyo desturi ya kwao. Ana miaka kumi na minne. Wakwe wanampenda kupita kiasi! Akicheka ni babu, akitembea ni babu. Nami nilikuwa nacheka nao, hadi muhula uliopita nilipoitwa shuleni nikamkuta amelala kwenye benchi, ananuka pombe, hajitambui. Nililia mbele ya walimu bila aibu.

Daktari alipouliza habari za ukoo, mume wangu aliinamisha kichwa. Daktari akasema, "Hii kitu inaweza kutembea kwa damu, lakini damu si hukumu. Akikaa mbali nayo akiwa mdogo, mtakuwa mmemsaidia sana." Tangu hapo mwanangu hajagusa. Shule nampeleka na kumrudisha mwenyewe.

Sasa Jumamosi ni ruracio ya wifi yangu mdogo, upande wa bwana harusi wanaleta mahari. Bibi harusi humpa baba yake pembe ya muratina, ile pombe ya kienyeji, akishaonja ndipo wageni wanywe. Baba hayupo, kwa hivyo wazee wameamua atakayeonja ni mwenye jina lake. Yaani mwanangu! Nilipokataa, wifi mkubwa alinijia juu: "Wewe umeolewa tu hapa. Tone moja, unanyima baba yetu heshima?" Nikamgeukia mume wangu. Mwanamume ambaye tone hilo limemtisha maisha yake yote akaniambia, "Mama watoto, si ni mara moja tu." Sijawahi kuumia hivyo.

Jana nikipika, mwanangu akaja akasimama mlangoni. "Mum, wakinipea mbele ya watu wote nitakataa aje? Na mimi nikionja, sitosheki."

Nilimkumbatia tu. Nikibaki naye nyumbani, ndoa yangu itaingia doa. Nikimpeleka, nitakuwa nimekaa hapo nimevaa leso, nikimtazama akipokea ile pembe kwa mikono miwili huku watu wakipiga vigelegele. Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini?