Usimgongee Furu Kioo

Ipo siku moja nakumbuka, mwanangu, nilimtukana samaki. Nilimwita mshenzi mbele ya watoto, kwa sababu alikataa kupigwa picha.

Tulikuwa tunakaa Nyakato, miaka ile viwanda vya minofu ya sangara vimefunguliwa na kila mtu ananuka samaki mpaka kanisani. Nilikuwa namfulia nguo mtaalamu mmoja wa samaki. Alipohama aliniachia tangi la kioo, na ndani yake furu dume mmoja, samaki mdogo wa ziwani, mgongo wa buluu, tumbo jekundu kama pilipili iliyoiva.

Baba yangu alikuwa amelala mgonjwa kwetu Ukerewe. Ujana wake wote alivua furu. Sasa sangara, samaki mla wenzake, amewamaliza, na wajukuu wakawa wanamcheka, eti babu anasema ziwani kulikuwa na samaki wekundu. Akanitumia neno: nimtafutie hata mmoja, watoto waone kwamba yeye si mwongo. Furu mwenyewe asingefika hai. Nikasema nitapeleka picha.

Nikaazima kamera kwa fundi picha wa mtaani. Mimi picha nilizozijua ni za studio tu: nyuma pazia la maua, unaambiwa tazama hapa, usitikisike. Basi nikamfanyia furu hivyo hivyo. Nikatundika kitenge cha maua nyuma ya tangi, nikagonga kioo kwa ufunguo ili anigeukie, nikampiga flashi. Picha zikarudi, mkanda mzima: mwanga mweupe, uso wangu mwenyewe nimebinua midomo, na kwa mbali kitu cha rangi ya majivu. Fundi akaniuliza kama nilikuwa napiga picha radi. Akaniambia flashi nizime, inagonga kioo na kunirudia. Nitafute mwanga wa kutoka juu.

Ndipo mama mkwe wangu akaja kutoka Mkolani. Yule mama alikausha furu tangu usichana wake. Nikamwamkia, akaitika, akazitazama zile picha, akaguna.

"Ulimgongea?"

"Nilimgongea, mama. Alikuwa ananipa mgongo."

"Na mimi nikija hapa nikugongee dirisha kwa ufunguo, nikumulike usoni, utanipikia chai?"

Nikaanza kuzikusanya zile picha.

"Furu akiogopa anavua rangi. Majini mwekundu, kapuni jivu. Wewe unamtisha halafu unataka akupendezee. Kaa chini. Unajua kukaa wewe?"

Sikujua, mwanangu. Nilikuwa mtu wa mbiombio, hata ugali wangu ulikuwa na mabuja ya unga mbichi.

Tukatoa kitenge, tukatundika kaniki yangu nyeusi. Jirani akachungulia, akauliza nani amekufa. Tukasugua tangi ndani na nje. Dirisha la nyuma yangu tukalifunga, nisijione tena kwenye kioo. Mama mkwe akakaa mlangoni na kioo cha kujitazamia, akalirusha jua la mchana juu ya maji. Mimi nikakaa kwenye kigoda, hatua moja kutoka kwenye tangi, viwiko juu ya magoti.

Muda mrefu hakuna kitu. Mgongo ukaniuma. Kisha wekundu ukaanza tumboni, polepole, kama kaa la moto linalopulizwa. Akakunjua mapezi. Akanigeukia mwenyewe, bila kuitwa. Nikabonyeza.

Picha niliipeleka Ukerewe kwa mkono wangu. Baba akawaita wajukuu mmoja mmoja, akawashikisha. Walipotoka akaniambia, "Huyu mdogo. Wetu walikuwa na kifua." Akacheka mpaka akakohoa. Hakumaliza mwezi, lakini hakuna mtoto aliyemcheka tena.

Sasa wewe nakuona na simu yako, unalizunguka tangi la sebuleni kama askari, unabofya mara mia. Nisikilize. Safisha kioo, zima flashi, weka kitambaa cheusi nyuma, mwanga utoke juu. Hayo hata mjinga anaweza. Kazi ni kukaa mpaka samaki akusahau. Na watu ni hivyo hivyo: mwenye hofu nawe hakuonyeshi rangi yake, anakuonyesha jivu, nawe unaondoka unasema ndivyo alivyo.

Mungu akutulize mikono, akupe macho ya kungoja, na wazee wako wasife wakiitwa waongo wakati kamera unayo wewe.