Viza ya Mkwe Wangu Iliyokwisha Muda

Nilikwenda Embu kwa sababu ya maneno yangu mwenyewe. Binti yangu Makena aliolewa na Etienne, kijana wa Kameruni, na baada ya harusi kijana aliniuliza kama aongeze muda wa viza yake. Nikamjibu, "Ukishaoa hapa, wewe ni wa hapa." Aliniamini. Tulipoanza kumwombea kibali cha kukaa kwa sababu ya ndoa, viza ilikuwa imepita muda wake kwa siku arobaini na moja, na Makena alikuwa na mtoto wa wiki mbili.

Saa kumi na mbili asubuhi Etienne alifika kwangu Nkubu kutoka Majengo, Meru, wanakopanga chumba. Alivaa koti la harusi na kubeba begi la nguo. Nikamuuliza la nini.

"Wakinirudisha kwetu leo leo, Baba."

Makena, ambaye alikuwa kwetu tangu ajifungue, hakutoka nje kutuaga. Alisema mtoto ananyonya.

Chuka tulinunua ndizi, tukala njiani.

Saa nne tulifika mtaa wa Dallas, Embu, kwa binamu yangu Karimi. Alitupa chai na nduma, tukajazia fomu ya kibali mezani pake. Palipoulizwa hali ya viza, Etienne aliinua kalamu.

"Si muandike tu inashughulikiwa," Karimi akasema.

"Inashughulikiwa na nani?" nikauliza.

Hakuna aliyejua. Etienne akaandika: Imekwisha muda. Kwenye sababu akaandika: Nilisahau. Niliona. Nikaongeza sukari kwenye chai.

Saa sita tulikuwa ofisi ya uhamiaji, mbele ya mama wa makamo aliyesoma fomu yote bila kuinua macho.

"Ulisahau siku arobaini na moja?"

"Ndiyo, madam."

"Na mke hukumsahau?"

"Hapana, madam."

"Kusahau si sababu. Nikiituma hivi, wanaweza kukuambia urudi kwenu ukaombee huko."

Etienne akalitazama begi. Nikasimama, ingawa sikuitwa.

"Hakusahau. Aliniuliza mimi, nikamwambia ndoa inatosha."

"Mzee, wewe ni wakili?"

"Mwalimu mstaafu."

"Ulifunza nini?"

"Uraia."

Alifungua droo. Kisha akanisukumia karatasi. "Andika hivyo hivyo, utie sahihi."

Niliandika "ushauri wangu," nikakata, nikaandika "kosa langu." Akasoma, akagonga muhuri. Adhabu ya kuchelewa ipo palepale, alisema, lakini faili litakwenda Nairobi na maelezo yangu, na Etienne atangoja jibu akiwa nchini.

Tukirudi, karibu na Runyenjes, nilimuuliza kwa nini aliandika kuwa alisahau.

"Kwetu mtu hamshtaki baba mkwe."

"Hata kwetu," nikasema.

Jioni Makena alitukuta mlangoni, akauliza kama mumewe ameruhusiwa kukaa.

"Ameruhusiwa kungoja," nikamjibu.

Akampa Etienne mtoto, akaketi kwenye ngazi, akalia. Mimi nikaenda kukamua ng'ombe.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kufundisha uraia miaka thelathini asijue sheria moja inayomhusu mkwewe. Siku hizi nikiulizwa jambo nisilolijua, nasema sijui. Mke wangu anasema nimezeeka.